Nyuma ya Sahani

Katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Ezra imo orodha ambayo wasomaji wengi huivuka haraka. Mfalme Koreshi wa Uajemi amewaruhusu wana wa Israeli warudi kwao. Kabla hawajaondoka anavitoa vyombo ambavyo Nebukadreza alivipora Yerusalemu, na mtunza hazina wake, Mithredathi, anavihesabu kimoja kimoja mbele ya Sheshbaza, mkuu wa Yuda: mabeseni 30 ya dhahabu, mabeseni 1,000 ya fedha, visu 29, mabakuli 30 ya dhahabu, mabakuli 410 ya fedha, vyombo vingine 1,000, jumla vyombo 5,400. Mwenye kalamu akijumlisha mwenyewe hafiki 5,400. Atapata 2,499 tu, na wafafanuzi wa Maandiko wamelijadili jambo hilo tangu zamani. Sisi hesabu hiyo haitusumbui. Mtu yeyote wa Fizi aliyewahi kuandika orodha ya mali iliyorudi kutoka ukimbizini anajua kwamba orodha za namna hiyo hazijumlishiki vizuri.

Tunachokistaajabia ni kwamba Neno la Mungu, likiwa katikati ya habari kubwa ya ukombozi wa taifa zima, linasimama na kuhesabu mabakuli. Tunaleta fikra hii kwa sababu sisi nasi, katika mashirika yetu ya Kikristu kati ya Baraka na Fizi, tumekuwa tukiandika orodha ya sahani. Wapo waliotuuliza kama makatekista hawana kazi nyingine. Ni swali la haki, nasi tutajaribu kulijibu.

Watu wetu wamekimbia mara nyingi. Wazee hukumbuka 1964 na 1965; wa rika letu hukumbuka zaidi 1996 na 1998. Aliyevuka ziwa kuelekea Kigoma alichukua watoto, sufuria moja, nguo alizoweza kufunga, na aliyekuwa na busara alichukua hati za ubatizo. Sahani za udongo mweupe hazikuchukuliwa, kwa kuwa ni nzito, na mtumbwi uliojaa watu hauvumilii kitu kinachovunjika. Zilizikwa. Shimo lilichimbwa nyuma ya jiko au chini ya mwembe, sahani zikapangwa kwa kusimama, majani ya migomba katikati yake, sufuria kubwa juu, kisha udongo na majivu ili mahali pasionekane papya. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na watoto waliozaliwa humo walikua wakisikia habari za shimo lililo chini ya mwembe ambao hawajauona. Oktoba 2005 meli zilipoanza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, wengine walianza kuchimba kabla hata ya kuezeka nyumba.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Kiwanja kilikuwa na mtu mwingine, naye amechimba choo na kukuta sahani. Je, ni zake? Tulikalishwa katika shauri moja la namna hiyo, mama wawili, sahani sita, kila mmoja akiapa kwa jina la marehemu mama yake. Mzee aliyeongoza shauri aliwaomba waeleze sahani hizo bila kuziona. Mmoja alieleza maua: rangi yake, idadi yake, jinsi yalivyozunguka ukingo. Mwingine alisema hivi tu: chini yake pana alama ya bluu iliyofutika upande mmoja, na karibu nayo mume wangu alichora herufi M kwa rangi ya kupakia mtumbwi, na katika sahani mbili M hiyo imegeuka juu chini kwa sababu aliichora usiku. Sahani zilipogeuzwa, shauri lilikwisha. Tangu siku hiyo tumeshika kanuni ndogo: anayekula katika sahani huijua sura yake; anayeiosha huijua na mgongo wake.

Ile herufi ya rangi ni jambo la kawaida kwetu. Msiba au harusi ikitokea, vyombo huazimwa nyumba kwa nyumba, na bila alama havirudi kwa wenyewe. Kwa hiyo sahani ya zamani ya Fizi mara nyingi ina mihuri miwili: wa kiwanda kilichoifinyanga na wa nyumba iliyoitumia. Wakusanyaji wa Ulaya, wanaotafuta sahani za mapambo ambayo viwanda havitengenezi tena, huuthamini wa kwanza na kuusugua wa pili kwa pamba na dawa. Sisi tunaandika yote miwili.

Ndugu msomaji atakayetaka kujaribu, aanze hivi. Ainue sahani mbele ya jua na kuweka vidole nyuma yake. Vivuli vya vidole vikionekana, hiyo ni porselini au ni kioo cheupe kama maziwa. Visipoonekana, ni udongo mweupe uliochomwa na kupakwa maji ya kioo, ule unaoitwa fayansi. Aigonge kwa ukucha. Yenye ufa hulia kama kikohozi. Atazame nyuma kama kuna vidoto vitatu vidogo vya mkwaruzo, mahali chombo kilipoegemea vigingi ndani ya tanuri. Atazame pambo kwa karibu: likiwa na mahali ambapo maua hayakutani vizuri, kana kwamba karatasi mbili zimeungwa, basi ni nakshi iliyochapwa kwanza katika karatasi kisha ikahamishiwa juu ya chombo; mistari ikitofautiana unene, mkono wa mtu ulipita hapo. Mwisho asome muhuri, na asiuamini peke yake.

Mihuri inayopatikana zaidi katika vyombo vya enzi ya Wabelgiji ni ya Boch. Ukoo wa Boch ulikuwa wa wafinyanzi wa Luksemburgi. Mwaka 1841 walijenga kiwanda Ubelgiji, mahali ambapo baadaye pakawa mji wa La Louvière, wakakiita Keramis. Humo zilitoka sahani za matajiri zenye nakshi za kupendeza, na zilitoka pia sahani nene za shule, hospitali na nyumba za watawa, zenye mstari mmoja wa rangi ukingoni na basi. Hizo za pili huandikwa jina la kiwanda tu. Hazina jina la pambo, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuupa mstari jina. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2011, na sasa mahali pake pana jumba la makumbusho. Kwa hiyo mama wa Baraka mwenye sahani ya Boch isiyo na pengo anamiliki kitu ambacho hata Ubelgiji hakitengenezwi tena. Tulimwambia mmoja hivyo, naye akatuuliza kama sasa asiitumie kwa sombe. Tulimwambia aitumie.

Chapa ya zamani zaidi ni ile ya mnyama mwenye kichwa cha mtu, amelala, na chini yake neno Maastricht. Huyo ni sfinksi wa kiwanda cha Petrus Regout, aliyeanza kufinyanga katika mji huo wa Uholanzi mwaka 1836. Mabakuli yake, yenye maua na nyota zilizogongwa kwa kipande cha sponji kilichokatwa umbo, yaliuzwa kwa wingi Zanzibar katika karne ya 19, na wachimbaji wa mambo ya kale wameyakuta huko katika mashamba ya mikarafuu. Kiwanda kiliacha vyombo vya mezani mwaka 1969. Njia iliyoleta vitu vya pwani hadi ziwani petu, Tabora hadi Ujiji hadi ng'ambo hii, kila mmoja wetu anaijua, na anajua pia ni mizigo gani mingine iliyopita njia hiyo kwa upande wa pili, ikitembea kwa miguu yake huku imefungwa minyororo. Bakuli la namna hiyo likifika mikononi mwetu hatuwezi kuliita zuri tu na kuliweka chini.

Huko pwani kwenyewe sahani zilipata heshima kuliko kwetu. Nguzo ya kaburi la Mambrui nchini Kenya ilipambwa kwa mabakuli ya Kichina ya enzi ya Ming, na makaburi ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam nayo yana alama za vyombo vilivyopachikwa. James Kirkman, aliyechimba magofu ya Gedi kuanzia 1948, alizipanga tarehe za mji ule kwa kufuata vipande vya kauri ya Kichina, kwa kuwa nyumba hazikuandikwa mwaka. Kigae kidogo kilishuhudia pale ambapo ukuta ulinyamaza.

Za miaka ya Zaire hatutazikalia sana: sahani za bati zilizopakwa emaili kutoka China, zenye samaki au maua mekundu makubwa, bilauri za Duralex zenye namba ndogo chini, ambazo watoto wa shule wa Ufaransa huzisoma na kusema ndio umri wao, na sahani za kioo cheupe za Arcopal, chapa iliyoanzishwa Arques kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1958. Katika hizi za mwisho lipo pambo la maua madogo ya bluu ambalo wakusanyaji huliita Veronica. Tukilifikiria wakati wa Njia ya Msalaba, kwenye kituo cha sita, hatuoni kwamba tumemkosea Mungu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko, aliwatangaza Wenyeheri mashahidi wanne waliouawa kwetu siku moja, 28 Novemba 1964: Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara katika Baraka, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert katika Fizi. Watatu wa kwanza walikuwa Waksaveri kutoka Italia. Wa nne, aliyezaliwa mwaka 1908, alikuwa padri mzaliwa wa kando ya ziwa hili hili, upande wa Moba. Furaha ya siku ile hatuna haja ya kuieleza kwa waliokuwapo. Lakini baada ya furaha yakaja mambo mengine. Vitu vikaanza kutokea. Kijiko cha Mwenyeheri. Kiti cha Mwenyeheri. Na mfanyabiashara mmoja mpita njia akatangaza sokoni kwamba atanunua kwa dola sahani yoyote ya misioni ya mwaka ule.

Sheria ya Kanisa iko wazi. Kanuni ya 1190 inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu, na mwaka 2017 Idara ya Kuwatangaza Watakatifu ilitoa maelekezo juu ya namna ya kuhakikisha ukweli wa masalia na kuyatunza. Mlei hana mamlaka ya kutamka kwamba kitu fulani ni masalia. Ila kuna jambo ambalo mlei anaweza kulifanya kabla padri na askofu hawajasumbuliwa: kugeuza sahani na kusoma.

Kijana mmoja alituletea sahani ya mama yake mkubwa, imefungwa ndani ya kitenge kipya. Alisema ndiyo waliyolia mapadri wa misioni, na mfanyabiashara ameahidi dola 100. Ilikuwa sahani nyeupe yenye ukingo wa bluu, nzuri, bila pengo. Tuliigeuza. Chini yake palikuwa na jina la kiwanda, na chini ya jina hilo, kwa Kifaransa, maneno ya kumhakikishia mnunuzi kwamba chombo hiki kinafaa kwa mashine ya kuoshea na kwa oveni ya mikrowevu. Mwaka 1964 hakukuwa na kiwanda kilichoandika hivyo, kwa sababu hata katika nchi tajiri oveni hizo hazikuwa zimeingia majikoni mwa watu. Kwamba oveni hiyo hadi leo haijaingia katika jiko la mama huyo ni habari nyingine.

Tulijadiliana usiku ule, na majadiliano hayakuwa mepesi. Mmoja wetu alisema: mwacheni mama na imani yake, sahani haimdhuru mtu. Mwingine alikumbusha kwamba Ayubu aliwauliza rafiki zake kama wanafikiri Mungu anahitaji kutetewa kwa uongo. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye akili za vitendo kati yetu, alisema kwamba swali si imani ya mama bali dola za yule mtu. Sahani ikiuzwa kwa jina la shahidi, sisi tuliosoma maandishi tukanyamaza tutakuwa tumeshiriki. Kulikuwa na wazo pia kwamba padri aombwe kuitumia kama patena, ili isiuzwe. Hilo halikuchukua muda: maelekezo ya mwaka 2004 juu ya Ekaristi hayaruhusu vyombo vya kioo, vya udongo wala vya kitu kingine kinachovunjika kwa urahisi.

Tulikwenda kwa mama mwenyewe. Ni mzee sana, amekaa mkekani akichambua ndagala. Tulimsalimu, tukakaa, tukamweleza taratibu tulichokisoma. Hakukasirika. Alituacha tumalize, kisha akasema:

"Wanangu, mimi sikusema Padri alikula katika sahani hii. Nilisema Padri alikula kwetu. Mtoto amesikia anachotaka kusikia."

Akaeleza. Alipokuwa msichana, padri mmoja wa misioni aliyekuwa akizunguka vijijini alipumzika kwao, na dada yake mkubwa akampakulia ugali katika sahani nyeupe yenye mstari wa bluu, mojawapo ya nne walizokuwa nazo. Sahani hizo zilikaa nyumbani zaidi ya miaka 30. Mwaka 1996 zilizikwa. Waliporudi, walikuta mahali pale pamechimbwa, na vigae tu. Sahani hii nzima aliinunua Kigoma siku ya kurudi, kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sabuni, kwa sababu mstari wake wa bluu ulifanana na ule. Alikuwa amepita meza nyingi sokoni akiwa na rangi ile kichwani mwake na hakuna kingine cha kulinganishia.

Kisha akamwagiza mjukuu alete kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, katika pamba, mlikuwa na kigae kimoja ukubwa wa kiganja cha mtoto. Upande wa mbele, mstari wa bluu. Upande wa nyuma, nusu ya muhuri, tukasoma herufi CH, na chini yake LA LOUV. Hatukuhitaji zaidi. Tukamwambia jina la kiwanda, mji wake, mwaka kilipoanza na mwaka kilipofungwa. Akaliomba jina hilo mara tatu, ili alishike: La Louvière. Akauliza kama mstari ule nao una jina. Tukamweleza kwamba vyombo vya namna ile havikupewa jina la pambo. Akasema basi yeye ana jina lake, wala hakututajia.

Kigae hicho nacho hakithibitishi kitu juu ya mashahidi wetu. Mama hakumtaja padri yule kwa jina, nasi hatukumsaidia kulikumbuka, kwa kuwa kumsaidia mzee kukumbuka jina linalotakiwa ni njia ya haraka sana ya kutengeneza masalia. Tuliandika kama alivyosema: padri mmoja wa misioni. Sahani ya Kigoma haikuuzwa; mama aliirudisha rafuni na kumwambia kijana wake maneno ambayo ukurasa huu hauyahitaji. Mfanyabiashara alikwisha kwenda Uvira.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 31 ya Kanuni yake, anamtaka mtunza ghala wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Na katika sura inayofuata anamtaka abati awe na orodha ya vitu vyote, ajue anachotoa na anachopokea. Sura hizo mbili tunapenda kuzisoma pamoja. Heshima bila daftari huleta hadithi za dola 100. Na daftari bila heshima ni kazi ya karani wa ushuru. Tuliosomea ualimu tunajua hatari hii ya pili kuliko wengine.

Daftari letu lina safu tano: chombo, muhuri wa kiwanda, alama ya nyumba, alichosema mwenyewe, na jina la mwenye mali. Katika kabati la ukumbi wa parokia tunatunza vyombo 11 ambavyo wenyewe hawajapatikana, kimoja kikiwa bakuli lenye herufi mbili za rangi ya kijani, T na A, ambalo tungefurahi sana mtu alitambue. Kigae cha mama kimeandikwa, na sahani ya Kigoma imeandikwa katika mstari wake peke yake. Tulipofika kwenye safu ya mwisho mama alitukataza kuandika jina lake. Sahani zile nne, alisema, zilikuwa za dada yake, aliyezipata alipofunga ndoa, na dada yake bado yuko Nyarugusu. Tumewaandikia makatekista wa huko wamuulize kama anakubali kigae kiendelee kukaa Baraka au anataka apelekewe. Barua iliondoka na boti ya Kigoma juma lililopita.